Zege Tulilolimwagilia Maji ya Ziwa

Anjela amekuja. Amekuja na dumu la asali ya Itigi, kitenge kipya, na sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye msiba. Nilikuwa napepeta uwele uani, Rehema wangu anaokota punje zinazoruka, nikasikia hodi na nikamjua kabla sijainua kichwa. Mtu mliyelala naye kitanda kimoja cha bweni tangu kidato cha kwanza, sauti yake huisahau hata ukitaka. "Karibu," nikasema, kwa sababu nimelelewa. "Zuhura, umekonda," akasema. "Nimekonda toka lini? Uliniona lini mara ya mwisho?" Akavuta kigoda akakaa upande ule upepo unakoelekea, makapi yakawa yanamwendea usoni, nami sikuhamisha ungo. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge akasema, "Nasikia wanataka kuibomoa ile drifti yetu waijenge upya." Yetu! Nikamwambia wanabomoa upande mmoja tu. Upande wa mjini hautabomoka hata wakiuletea baruti.

Basi nitauandika mwaka ule, na mwaka ule tu. Baba yangu alikuwa nani, aliyenizalisha alikimbilia wapi, hayo hayajengi barabara. Ilikuwa miaka ya ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, likafunguliwa tena na mtu binafsi aliyelipaka rangi ya kijani. Marobota ya mitumba yalikuwa yanamwagwa chini sokoni kila gulio, na watu wa mjini waliokuwa wanauza vitunguu juzijuzi sasa walikuwa wanajenga nyumba za bati zenye vibaraza. Mafundi wa barabara wa serikali walikuwa wamepunguzwa kazini, katapila lao limeota majani yadini, na ilisemekana sasa barabara zitajengwa na kampuni, maana kampuni haina uvivu. Sisi wawili tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mtu hawezi kuyaita kufeli wala kufaulu. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Anjela alikuwa na viatu vyenye kisigino. Tukapanga chumba Unyambwa, hapa Singida, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaidi, mama mjane aliyefuga bata na aliyesikia vibaya isipokuwa pale unaposema jambo ambalo hukutaka alisikie.

Chumba kile naweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Kuta za tope, dirisha la ubao lisilofunga vizuri, kitanda cha kamba, sufuria mbili, na karai la kumwogeshea Rehema ambalo pia tulikandia unga. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kila Jumamosi tuliipaka samadi iliyochanganywa na majivu, kisha tukatoka nje tukakaa kwenye kizingiti kama watu waliofukuzwa, tukisubiri ishike. Hakuna aliyekanyaga. Hata Bi Mwanaidi akija kuomba kiberiti alisimama mlangoni akanyoosha mkono. Kwetu mtoto wa miaka minne anajua hilo: sakafu mbichi haikanyagwi. Nalisema mapema kwa sababu baadaye watu wazima, wenye kofia za plastiki vichwani, walijifanya hawalijui.

Kampuni ilikuja wakati wa kiangazi kujenga drifti, kivuko kigumu ambacho maji hupita juu yake, kwenye korongo linalotenganisha njia ya mjini na vijiji vya ng'ambo. Kabla ya hapo palikuwa na kifusi tu. Kila mwaka walimwaga kifusi, kila masika korongo lilikichukua likakipeleka ziwani, na kila masika wajawazito na magunia ya alizeti vilikwama ng'ambo hadi maji yapungue. Kingo za korongo ni mwinuko mkali, gari halina pengine pa kushukia. Watu walipoambiwa inajengwa njia ngumu, walijua ni lami. Siku zege la kwanza lilipomwagwa, Mama Ntandu, mkubwa wetu katika wanawake tuliochukuliwa kumwaga maji, alichungulia akasema, "Hii lami mbona nyeupe? Imeugua?" Wanaume wakacheka hadi mashine ikazimwa.

Msimamizi wa kazi aliitwa Bwana Festo. Hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa anapanga nyumba ya pili kutoka kwa Bi Mwanaidi, na kwa kuwa hakuwa na mpishi alikula kwetu. Anjela ndiye aliyemleta, maana alikuwa ameshaandikwa karani wa stoo ya kampuni. Bwana Festo alikalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akala ugali wetu wa uwele na mlenda kama mtu aliyezaliwa nao, na huku anakula anafundisha. Nilimpenda kwa hilo. Si mapenzi ya kitandani, mwenye mawazo hayo ayaweke pembeni. Nilimpenda kama unavyompenda mwalimu anayekuona una akili baada ya cheti kukuambia huna. "Mnajua tofauti ya kifusi, lami na zege?" aliuliza siku ya kwanza. "Kifusi ni mgeni, anakaa masika moja anaondoka. Lami ni mchumba. Ikipoa tu unaipita, lakini jua likiwaka inalegea, maji yakiingia chini yake inabanduka. Zege ni mke. Mwanzoni linataka uvumilivu, ukilivumilia linakuzika." Anjela akamuuliza, "Na wewe umeoa zege ngapi, shemeji?" Akacheka mpaka akapaliwa na mlenda, nikampa maji. Bi Mwanaidi akaitikia kutoka uani kwake, "Mwambieni anayezika wake zake hajazaliwa." Hakuna aliyedhani amesikia.

Usiku ule ule akanieleza kazi yangu. Watu wanadhani zege hukauka, alisema. Halikauki, linashika, na linashika kwa maji. Likikauka kabla ya kushika limekufa, hata ukiligonga likalia gumu. Kwa hiyo linafunikwa magunia, magunia yanalowanishwa asubuhi, mchana na jioni, jua lisilione kabisa, wiki baada ya wiki, na gari lisikanyage mpaka mwezi mzima upite. Mtu kwa miguu apite baada ya siku chache, mbuzi apite, baiskeli ipite. Gari, hapana. "Hata akija nani, Dada Zuhura. Hata nikija mimi." Nilimwuliza mara mbili: hata wewe? "Hata mimi. Nikija na gari nipige mawe." Anjela alikuwa pale, anamenya karanga. Alisikia.

Drifti ilimwagwa kwa vipande viwili. Kwanza upande wa mjini, kuanzia ukingo hadi katikati ya mchanga. Huo ukiwa umeshika ndipo upande wa kijijini. Kwa kipande cha kwanza boza la kampuni lilileta maji kutoka kisimani, maji matamu, tukawa tunayajaza kwenye mapipa na kuyamwaga kwa makopo. Kazi ile niliipenda. Alfajiri magunia yalikuwa ya baridi, yananuka katani na saruji, na mvuke ulikuwa unatoka chini yake kama pumzi ya ng'ombe, maana zege linaposhika linapata joto. Niliweka Rehema juu ya kanga chini ya tela la kokoto. Wanawake waliimba, waliteta waume zao, na Mama Ntandu, siku ile alipoelewa, akasimama na kopo mkononi akatangaza, "Kumbe ni sakafu tu! Jamani, ni sakafu ya Jumamosi, ila hii Jumamosi yake ndefu." Kuanzia hapo hatukuhitaji kuelezwa tena. Mtu akikaribia na mkokoteni tulimzomea sote, "Sakafu mbichi!"

Kipande cha pili kilipomwagwa, maji yalibadilika. Boza lilikuja kwa kuchelewa, na lilipokuja Paskalina, mwenzetu mmoja aliyekuwa na kiu, alikinga kiganja akanywa akatema. "Haya ni ya ziwani." Kila mtu wa Singida anajua ladha hiyo, maji ya ziwa letu hata ng'ombe anayatazama mara mbili. Nikaonja mwenyewe. Jioni, Bwana Festo alipokuja kula, nilimwuliza kabla hajanawa. Alikaa kwenye ndoo yake akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye kamba ya dirishani tulikoanika vipande vya nyama ya mbuzi tuliyotiliwa chumvi na Bi Mwanaidi. "Ile nyama mbona haiozi?" "Ina chumvi." "Basi. Chumvi huhifadhi. Inahifadhi nyama, inahifadhi samaki, itahifadhi na zege. Mwageni tu." Nakumbuka Anjela aliinua macho kutoka kwenye sahani. Nakumbuka alimtazama Festo, kisha akanitazama mimi, kisha akachovya tonge. Wakati ule nilidhani ananishangaa kwa kuuliza maswali ya kitoto. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yeye wa stoo alikuwa anajua boza linashinda wapi: lilikuwa linapeleka maji matamu kwenye majengo ya wale matajiri wapya wa vibaraza, na jioni likipitia ziwani, njia ya kurudi, kutuletea sisi.

Nikawaambia wanawake asubuhi: chumvi huhifadhi. Walikubali. Tungekataaje? Tumekulia katikati ya maziwa mawili ya magadi, tumekausha nyama na samaki kwa chumvi tangu bibi zetu. Uongo ule ulikatwa kwa kipimo chetu. Kule Moshi au Bukoba asingeweza kuusema, wangemcheka. Na zege lilipoanza kuota unga mweupe juu, mwembamba kama ukungu wa mkate, tulifurahi. Paskalina alisema limekomaa, limeota mvi.

Ndipo akafariki Mzee Ntandu, mume wa Mama Ntandu. Alifia hospitali ya mjini, akaletwa nyumbani kuzikwa ng'ambo, kwenye gari dogo la wazi, watu wamejazana nyuma wamezunguka jeneza. Upande wa mjini ulikuwa umeshaiva, gari likapanda juu yake bila shida, likafika katikati, likakuta matawi ya miiba niliyoyapanga na mimi nimesimama mbele yake na mtoto mgongoni. Zege la mbele yangu lilikuwa halijamaliza hata nusu ya muda wake.

"Dada, toa miiba," dereva alisema.

"Haiwezekani, kaka. Zege bado changa."

"Huoni nimebeba nini?"

"Naona. Poleni sana. Lakini halitabeba gari."

Mama Ntandu akashuka. Alikuwa amefunga kanga kichwani kwa namna ya mjane, amevua viatu. Akaja hadi kwenye miiba. "Zuhura, mwanangu. Ni mume wangu yule."

"Najua, mama."

"Basi mpishe."

"Mama, wewe mwenyewe umelimwagilia. Unajua lilivyo."

"Ninajua. Nakuomba mpishe."

Sikumpisha. Dereva akarudisha gari kinyumenyume, taratibu, injini inalia, na watu nyuma wakapiga ukelele. Hapo ndipo palipoharibika. Kwetu maiti anayepelekwa kaburini hageuzwi wala harudishwi nyuma. Aliyetoka kwake ametoka, ukimrudisha atauliza kwa nini. Wanaume walishusha jeneza, wakakataa hata kupita kwa miguu juu ya zege, wakashuka nalo kwenye mchanga pembeni, miguu inazama hadi vifundo, jeneza likainama upande wa kichwa, mmoja wao akapiga goti. Walivuka, walizika. Hakuna aliyenitukana. Kesho yake Mama Ntandu hakuja kazini, na alipokuja baada ya matanga alimwaga maji bila kuimba.

Sijutii. Naandika hivi ili isomeke vizuri: sijutii. Nilipewa zege nililinde, nikalilinda mbele ya mtu niliyemwita mama. Ninachokitapika hadi leo ni kilichofuata. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani na wengine mashambani, nilikuwa peke yangu kwenye korongo nalowanisha magunia. Nikasikia lori. Lori la kokoto la kampuni, limejaa hadi juu. Bwana Festo akaruka kutoka kwenye ngazi ya mlango akaanza kuvuta matawi ya miiba kwa mikono yake. "Bwana Festo, muda haujatimia!" "Tumeitwa Nduguti, kazi nyingine inasubiri. Zege ni langu, Dada Zuhura." "Ulisema hata wewe! Ulisema nikupige mawe!" "Basi piga," akasema, akicheka. Mawe yalikuwepo, korongo zima ni mawe. Na ndani ya lori, pembeni ya dereva, amekaa Anjela, amevaa miwani ya jua ya mtumba. Lori likapita juu ya magunia yangu. Nilisikia mlio chini, kitu kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Anjela akanipungia mkono. Sijui alidhani nitampungia.

Jioni ile alirudi, akapika, akaweka sahani mbili. Nikamwambia, "Mzee wa watu nilimrudisha nyuma." Akasema, "Na mimi ningefanyaje, Zuhura? Nishuke nilizuie lori kwa mikono?" Tulikula. Bi Mwanaidi alikohoa upande wa pili wa ukuta.

Mvua za kwanza zilipoanza, upande wa mjini ulioga ukang'aa. Upande wa kijijini ulianza kuvua ngozi. Kwanza ule unga mweupe, kisha maganda, kisha nyufa zilizofuata nondo kama mistari ya kiganja, na katikati ya masika korongo liliposhuka kwa nguvu lilichukua mabonge, nondo zikabaki nje, nyekundu kwa kutu, zimepinda kama mbavu za ng'ombe aliyekufa porini. Magari yakakwama. Watu wakaanza kuuliza.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na mbele amekaa mkubwa mmoja kutoka mkoani anayejipepea kwa faili. Bwana Festo alisimama kwa heshima, mikono nyuma. Akasema zege lilikuwa zuri, mchanganyiko ulikuwa mzuri, lori hakulitaja, na kwamba tatizo ni maji. "Niliwaelekeza maji ya chumvi yasipokelewe. Nilimwambia Dada Zuhura hapa, ambaye ana elimu ya kidato cha nne, kwamba boza likileta ya ziwani alirudishe, wafuate ya kisimani. Akaona ni shida. Akina mama walitaka kumaliza kazi mapema." Alisema hivyo akinitazama machoni, kwa sauti ile ile ya mlenda na uwele. Nikasimama na Rehema ananyonya. Nikasema alichoniambia, neno kwa neno, nikataja nyama dirishani. Watu wengine wakacheka. Mkubwa akauliza, "Nani alikuwepo?" Nikasema, "Anjela." Akamgeukia. "Wewe binti, ulisikia?"

Anjela alikuwa amekaa dawati la mbele, karibu na kampuni. Akasimama, akavuta gauni chini. "Mimi mambo yangu ni ya stoo, mheshimiwa. Sikusikia."

Niliwatazama wanawake wenzangu. Mama Ntandu alikuwa anaangalia ubao, kulikoandikwa hesabu za darasa la tatu ambazo hazikufutwa. Paskalina alikuwa anafunga upya kanga. Nikawatetea moyoni: wao hawakuwepo chumbani, walisikia kwangu tu, watasema nini? Kwa hiyo hasira zote nikampa Anjela. Mwezi ule ule kampuni ilimchukua Dodoma, ofisini, na mimi nikabaki na jina. Nilianza kulisikia kisimani, kisha dukani, kisha kwa watoto: Mama Chumvi. Mama Chumvi amepita. Mtoto wa Mama Chumvi. Kazi ya kusafisha zahanati niliomba, wakasema hatutaki mambo ya mkato. Rehema alianza shule, mwalimu akasoma majina, watoto wakamsahihisha mwalimu. Mtoto akarudi akaniuliza, "Mama, tulifanya nini na chumvi?" Yeye alikuwa mgongoni, hana hata meno!

Sasa Anjela yuko uani kwangu, mikono mapajani, ananieleza. Kwamba aliahidiwa ile kazi kabla ya kikao. Kwamba kampuni ilikufa, wote wakaambiwa waende nyumbani. Kwamba Festo yuko mahali anauza saruji, ana duka. Kwamba hajalala vizuri. "Naomba unisamehe, Zuhura."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Ulinikana darasani mbele ya kata nzima. Leo unaniomba msamaha mbele ya kuku? Inuka. Mimi na wewe tunakwenda korongoni."

Hakutaka. Alisema atarudi siku nyingine, alisema nauli, alisema kichwa. Nilichukua ndoo yangu, Rehema akachukua kidumu chake, nikasimama njiani jinsi nilivyosimama mbele ya lile gari. Akainuka.

Kiangazi wanawake wanafukua visima kwenye mchanga wa korongo, chini ya drifti, na kusubiri maji yajikusanye. Walikuwepo, Paskalina na wengine, na Mama Ntandu amepiga magoti anachota kwa kata, mgongo umepinda sasa. Anjela alimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba. Wewe ni yule wa stoo." "Ndiyo, mama." Nikasema, "Sema." Na alisema. Namtendea haki: alisema yote, kwa sauti inayosikika, nyama ya dirishani, boza kwa matajiri, lori la Jumapili, miwani, kazi ya Dodoma. Alilia kidogo. Nilikuwa nawatazama wanawake, sio yeye. Nilikuwa nimeungoja uso wa mtu anayesikia ukweli kwa mara ya kwanza, nikauchagua kabisa akilini uso wa Mama Ntandu.

Mama Ntandu hakuacha kuchota. Alimimina kata kwenye ndoo, akasubiri mchanga utulie. "Tulijua," akasema.

"Mlijua nini, mama?"

"Ile siku ulipeleka mtoto kliniki. Huyo Festo alikuja hapa, akatukuta tunalalamika maji yanawasha mikono. Akatucheka. Akatuambia yeye mwenyewe, chumvi huhifadhi, mwageni." Akamgeukia Paskalina. "Si alisema?" Paskalina akasema, "Alisema. Mpaka aliniomba nimkatie kipande cha nyama ya chumvi." Mmoja akacheka, akajizuia.

Nikatua ndoo chini. "Na darasani? Mlikuwa mmekaa nyuma yangu. Mlikuwa mnajua na mmekaa nyuma yangu!"

"Tulikuwa tunajua," alisema Mama Ntandu, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Lakini ulimrudisha marehemu nyuma, Zuhura. Wakasema mimi niamue kama tukutetee. Nikasema aachwe."

Wakasema. Kwa hiyo kilikuwepo kikao kingine kabla ya kikao, jikoni kwa mtu, wameketi wanachambua mboga, wananipitisha mkono kwa mkono kama chungio. Miaka yote hii nimemchukia mtu mmoja kwa uaminifu, nikawaheshimu wengine, nikawaamkia kila alfajiri kwenye visima hivi hivi, shikamoo mama, shikamoo mama, nao wanaitikia marahaba Mama Chumvi. Nilimlinda yule mama na zege lake. Lingevunjika siku ile, lingevunjika na mumewe juu yake. Nilimwambia hivyo. Nilipiga kelele nikamwambia. "Na lori je? Mlijua na lori?" Mama Ntandu akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama kwa kushikilia bega la Paskalina, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba ule.

"Basi yaishe," akasema. "Yaishe, Mama Rehema."

Wanawake wote wakaitikia kwa koo, mmh, jinsi watu wanavyofunga shauri. Rehema akanitazama haraka, macho makubwa, kwa sababu hajawahi kulisikia jina lake likiitwa kwangu na mtu wa hapa. Nililitaka jina lile. Nimelitaka kuliko kazi ya zahanati. Na lilipokuja nikaona linatolewa na mkono ule ule uliolificha, tena linatolewa kwa huruma.

"Hapana," nikasema. "Niite Mama Chumvi. Hilo mlinipa mkijua."

Nikachota maji yangu. Nikamtwisha Rehema kidumu, nikajitwisha ndoo. Anjela alikuwa amesimama mchangani, ameshika viatu vyake mkononi, hakuna aliyemwambia akae wala aende. Sisi tunakaa ng'ambo, upande uliovunjika. Tukapanda kwenye mabonge, mimi mbele, nondo zikitushika nguo, nikimwonyesha mwanangu pa kukanyaga.